Bambo Kwenye Shingo ya Faraj

Shika Adabu, Likoni
8 Aprili 1962

Nzai,

La, haliumi. Hilo ndilo swali lako la kwanza, na nalijibu la kwanza usije ukasema Faraj azunguka. Lingekuwa lauma ningekwenda kwa mng'oa meno, tukamaliza. Donge limekaa tu, chini ya sikio la kushoto, gumu. Ramadhani lilikuwa kama gololi, sasa ni kama yai la njiwa. Nikilisukuma haliendi. Ruwaida aliponiuliza ni nini, nikamwambia ni maneno yake yote niliyoyameza tangu tuoane, yamekosa pa kukaa.

Huku kila mtu ana lake. Bakari wa kahawa asema ni jino bovu. Mamangu mdogo asema ni kijicho. Barazani watu wanabishana huu mwambao utakuwa wa nani Mwingereza akiondoka, na mimi nakaa pembeni nabishana na shingo yangu itakuwa ya nani.

Basi nikavuka feri, nikaenda hospitali kubwa kisiwani. Nikakuta madaktari wawili. Mmoja kijana, Mhindi, karudi majuzi kutoka ng'ambo, ana sindano nyembamba. Wa pili mzee, Mzungu, hachoki kukohoa, yeye ataka sindano nene. Wakasimama juu ya shingo yangu kama wanunuzi wawili kwenye gunia moja. Nesi mmoja aitwaye Jael akawa anifasiria. Kijana asema nyembamba yaingia na kutoka, yavuta maji kidogo, yapakwa kwenye kioo, na wewe waenda zako kazini. Mzee asema hiyo yaleta makombo, nene yaleta kipande. Kijana asema shingoni pana mishipa mikubwa ya damu, nene si ya kuchezea. Mzee akakohoa. Mimi nikawauliza kama naweza kuwaachia shingo nikarudi kuichukua jioni. Jael hakufasiri hiyo.

Waijua kazi yangu. Dalali wa magunia, Changamwe. Siku nzima bambo mkononi, nalidunga gunia, punje zateremka kwenye kile chuma mpaka kiganjani, mnunuzi atazama, aseme ndiyo au la. Miaka kumi na minane sikuwahi kujiuliza gunia laonaje.

Sasa nijibu wewe, uliyeko Nairobi kwenye nyumba ya vioo. Nyembamba au nene? Na ujibu kama daktari, kwa sababu nimeshawaambia watu wote wa huku kuwa wewe ni daktari.

Faraj

*

Nairobi
15 Aprili 1962

Bwana Faraj,

Salamu zako nimezipata, ingawa hukuziandika. Nyumbani kwako hawajambo? Mimi sijambo, nimechoka tu.

Mimi si daktari. Naosha vioo vya maabara, natia rangi, naandika namba kwenye karatasi, na jioni napangusa meza. Ni miaka sita sasa. Lakini vioo vya shingo vimepita vingi mikononi mwangu, vya kutoka Kisumu mpaka kwenu, na nimesikia madaktari wakisema juu yake. Kwa hiyo nitakuambia niliyoyaona.

Sindano nyembamba ni kama hawa madaktari walivyokuambia. Inaingia, daktari anavuta, kinakuja kitu kidogo sana, pengine huwezi kukiona kwa jicho. Kinapakwa kwenye kioo, kinakauka, nakitia rangi. Haina kidonda, haina hatari kubwa. Ubaya wake ni kwamba wanaojua kusoma kioo cha namna hiyo nchi hii ni wachache, na mara nyingine kinachokuja ni damu tupu, basi hakuna anayejua kitu.

Sindano nene ina bomba, na ndani yake ulimi uliopasuka katikati. Ule ulimi unakata kipande cha nyama chembamba kama uzi. Wanakutia ganzi kwanza. Kipande kinatiwa kwenye chupa ya dawa, kinaletwa huku, tunakigandisha kwenye nta na kukikata tabaka tabaka. Hapo daktari haoni makombo, anaona nyama jinsi ilivyokaa. Lakini inauma baadaye, na kwenye shingo inataka mkono wa mtu mzima asiyetetemeka.

Kuna watu watakuambia ukatwe litoke lote kwa kisu. Usikubali kabla ya sindano. Kama ni kitu kibaya na kisu kimepita ovyo, daktari wa pili atakayekuja kulitoa vizuri atakuta njia imeharibika.

Faraj, nisikilize. Donge la shingoni ni mambo mengi. Laweza kuwa jino. Laweza kuwa kifua kikuu cha tezi, na hicho sasa kina dawa. Laweza pia kuwa ile nyingine. Ile nyingine ikijulikana mapema watu wanaitoa, na nimewaona wakirudi hapa na shingo zao wakitembea. Ikichelewa sijamwona hata mmoja. Ndiyo maana nataka kijulikane ni nini, kwa sindano yoyote. Anza na nyembamba. Isipotosha, kubali nene.

Na mpaka siku hiyo uliache lilivyo. Usilikande kwa moto, usilichue, na zaidi ya yote usiende kuumikwa. Ile pembe ya chuku ikikaa hapo itavuta damu chini ya ngozi, sindano itakutana na damu, na damu haisemi kitu.

Msalimu shemeji.

Nzai Mramba

*

Likoni
17 Mei 1962

Daktari wangu,

Imekwisha. Weka kalamu chini, weka wasiwasi chini, Idi imepita na sehemu yako ya nyama nimekulia mimi.

Nilidungwa Jumanne ile baada ya barua yako, nyembamba, kama ulivyosema. Kijana akanishika kichwa kama fundi anyoaye, akasema nisimeze mate. Mtu akikwambia usimeze mate, Nzai, mate yote ya Mombasa yaja kinywani mwako. Akachoma, akavuta, akachoma tena upande wa pili. Nikamuuliza kama kisima chatoa mafuta au maji ya chumvi. Jael safari hii alifasiri, na kijana akacheka, kwa hivyo mkono ulitikisika kidogo, lakini haidhuru.

Jibu limekuja baada ya wiki mbili. Safi. Hakuna kitu. Nimemwambia Ruwaida, akakaa chini pale pale mlangoni na ungo mkononi. Kisha akainuka akasema lazima tutoe shukrani. Basi mbuzi wa Idi tukamnuia mambo mawili, majirani wakaja, maulidi ikasomwa, mamangu mdogo akasema si nilikwambia ni kijicho, kimeshindwa.

Uvimbe wenyewe bado upo lakini utanywea wenyewe, hivyo ndivyo wasemavyo. Mimi nimeurudia mzigo wangu Changamwe, mahindi ni mengi mwaka huu na nusu yana wadudu.

Usiniulize tena habari za shingo. Tuzungumze habari nyingine. Wewe waoa lini?

Faraj

*

Nairobi
22 Mei 1962

Faraj,

Kioo chako nilikitia rangi mimi.

Kilifika tarehe 30 Aprili pamoja na vingine kumi na moja kutoka huko. Nilipoona jina nilikiweka peke yake. Nilikitia rangi polepole kuliko vyote. Daktari wetu akakitazama asubuhi, akakitazama tena mchana, na karatasi niliandika kwa mkono wangu naye akatia sahihi. Maneno yake nayakumbuka: damu tupu, hakuna cha kusoma, mgonjwa arudiwe kwa sindano nene.

Hiyo si safi. Hakuna mtu aliyeandika safi. Karatasi hiyo ilirudi hospitali yenu na lazima walikusomea.

Nimekaa wiki tatu nikingojea barua yako ya kuniambia umepewa tarehe ya pili. Imekuja barua ya mbuzi.

Nani unayemdanganya? Si mimi, kwa sababu nilishajua. Nijibu.

Nzai

*

Likoni
1 Juni 1962

Shemeji Nzai,

Naandika kwa herufi zetu za Kiarabu za chuoni, maana hizo ndizo nizijuazo. Najua utatafuta wa kukusomea. Mwombe asiyejua mtu huku.

Kwanza nakupa mkono wa salamu. Mimi na watoto hatujambo. Mume wangu ndiye simjui.

Barua yako ilikuja Ijumaa iliyopita. Aliisoma amesimama, akaiweka ndani ya fulana, na tangu siku hiyo hajatoa mzaha. Shemeji, wewe wamjua Faraj tangu mna meno ya utotoni. Siku aliyofariki babake alifanya mzaha na wachimba kaburi. Sasa kimya. Chakula yuwala nusu. Joto lote hili yuwavaa skafu shingoni, na nikimwambia avue nimfulie, yuwasema ni baridi ya bahari. Jana alivua kutia udhu, nikaona. Lile jambo halijanywea. Limekuwa kubwa na jingine dogo limetokea chini yake.

Aliniambia jibu ni safi. Nikaamini, nikapika, nikashukuru Mungu mbele ya watu. Sasa nakuuliza wewe, maana wewe waijua kazi hiyo na yeye haniambii. Je, lilikuwa safi? Kama sivyo, niambie. Mimi si mtoto. Nimezika wazazi wawili na mtoto mmoja kwa mikono hii. Kisichochukulika ni kuwa wa mwisho kujua katika nyumba yangu.

Ruwaida binti Badawi

*

Nairobi
5 Juni 1962

Faraj,

Hukunijibu. Mkeo ameniandikia.

Nilikwenda na barua yake kwa mzee mmoja wa Lamu anayeuza mahamri karibu na kazini, akanisomea. Alipomaliza aliikunja vizuri akanirudishia, akanipa chai, hakutaka malipo wala hakuuliza kitu. Nilirudi kazini nikavunja vioo viwili.

Sikumjibu shemeji. Siwezi kumwandikia uongo na kweli si yangu ya kumpa, ni yako. Lakini amesema limetokea jingine dogo chini yake. Faraj, hilo nimelisoma kwenye karatasi nyingi. Sitaki kukuambia mwisho wa karatasi hizo. Nitakuambia tu kwamba mwezi huu una maana na mwezi ujao una maana zaidi.

Nakupa wiki moja umwambie. Baada ya hapo nitamtafuta yule mzee wa mahamri aniandikie majibu.

Uliniuliza naoa lini, hukuniuliza kwa nini sirudi nyumbani. Kwa sababu yako. Miaka minne iliyopita nilikuja likizo kwetu Utange, na ndani ya siku mbili watu wakaleta watoto wenye homa mlangoni kwa mamangu, wakipanga foleni, kwa sababu dalali wa Changamwe ametangaza kuna daktari. Mama mmoja alitoka Kisauni kwa miguu na mtoto mgongoni. Nikamwambia mimi naosha vioo. Hakuniamini. Alidhani namfukuza. Yule mtoto sijui alifikia wapi. Tangu siku hiyo sijarudi.

Kwa hiyo uongo wako naujua ladha yake. Hauumi unapousema. Unamuuma mwingine, mahali ambapo wewe hupo.

Nzai

*

Likoni
10 Juni 1962

Nzai, ndugu yangu,

Nimemwambia. Alhamisi baada ya alasiri, jikoni, akiwa akuna nazi. Nilitaka kuanza na mzaha, mzaha ukakataa kutoka, nikasema moja kwa moja kama karani. Hakulia. Aliendelea kukuna mpaka kifuu kikawa hakina kitu, akawa akuna mbuzi yenyewe. Kisha akasema, "Umenishukurisha uongo mbele ya watu." Hilo tu. Uvimbe hakuutaja. Ilikuwa ni ile shukrani ndiyo iliyomchoma. Tangu hapo asema nami, anipa chakula, lakini kila akimaliza kusali akaa sana kwenye mkeka kama atakaye kurudisha kitu dukani.

Sasa nikuambie na wewe, maana wewe wajua damu ilikuwa tupu lakini hujui kwa nini.

Ulinionya nisiumikwe. Uliniandikia kabisa: chuku itavuta damu, na damu haisemi kitu. Nzai, ungeandika tu "usiende" ungeniokoa. Mtu kama mimi ukimwonyesha mlango uliofungwa na ukamweleza kitasa kilivyo, umemwalika. Jumatatu, siku moja kabla ya sindano, nilikwenda kwa Mwinyihaji wa chuku. Nikamwambia aweke pembe juu ya uvimbe, kavu, bila kuchanja, mara tatu. Alikataa mara mbili. Nikamwambia ndiyo amri ya daktari wa Nairobi. Samahani. Asubuhi shingo ilikuwa imeiva kama zambarau, na kijana aliponiuliza nikasema nimeangukiwa na gunia.

Waona, hiyo ndiyo kazi yangu. Nitakuambia kitu ambacho sijawahi kumwambia mnunuzi. Gunia likiwa na mahindi mabovu, hupangwa. Mazuri hutiwa ubavuni, unene wa kiganja, mabovu hukaa katikati. Mnunuzi akitaka kudunga mwenyewe, mimi humpa bambo, humpiga bega, namwambia habari za mkewe, na mkono wake waenda wenyewe pale ubavuni. Zateremka punje nyeupe. Anunua. Nimefanya hivyo mara ngapi, Mungu ndiye ajuaye, na naye najua ajua.

Basi nilimpeleka daktari ubavuni. Nikafikiri nikipata karatasi isiyosema kitu, kitu hakitakuwapo. Karatasi ilipokuja na Jael akanisomea arudiwe, nikaikunja nikaitupa baharini kutoka kwenye feri, nikafika nyumbani nikasema safi. Watu wote wakafurahi. Lakini kuna balaa moja kwenye kazi hii ambalo sikuwa nimelipima: gunia lidanganyalo humdanganya kila mtu isipokuwa aliyelipanga. Wote walikula mbuzi kwa raha, mimi peke yangu nikatafuna najua kilichoko katikati.

Utaniuliza nilikuwa naogopa nini. Namwogopa Kombe. Wewe hukumjua. Alikuwa mchukuzi wetu Changamwe, kifua kama mlango, abeba magunia mawili pamoja. Akatokwa na uvimbe shingoni, akaenda, wakamkata. Kabla msimu haujageuka tukambeba sisi. Watu wakasema ni chuma, ndicho kilichouamsha, ungeachwa ungelala. Mimi nilishika mguu wa jeneza, na hilo likaniingia. Kila nikisikia sindano namwona Kombe.

Ijumaa Ruwaida alinivusha feri yeye mwenyewe, buibui mbele na mimi nyuma kama mbuzi wa kuuzwa. Tukamkuta yule mzee wa Kizungu. Nikamweleza yote, na chuku, na gunia. Jael akafasiri kila neno, hata yale niliyotaka yaachwe. Mzee hakukasirika. Alikaa, akakohoa, akaonekana amechoka kuliko mimi. Nikamuuliza habari ya Kombe. Alimkumbuka. Akasema Kombe alikuja na kitu kikubwa kama dafu, akiwa amekifunga kitambaa mwaka mzima. "Kisu hakikuamsha kitu," akasema. "Kisu kilikuta kimeshaamka zamani." Kisha akaniuliza mimi nimelifunga kitambaa miezi mingapi. Ruwaida ndiye aliyejibu.

Akaitoa ile sindano nene akanionyesha. Nzai, ni bambo. Wallahi ni bambo, dogo, safi, lina mdomo na ulimi ndani kama ulivyosema. Akaniambia ataipeleka katikati, si ubavuni, na atanishika yeye, na kijana atasimama upande wa pili kuangalia ule mshipa mkubwa. Safari hii hawakubishana. Nikamwambia mimi nimekula kwa chuma hiki miaka kumi na minane, ni haki nacho kinile kidogo.

Huo ndio mzaha wangu wa kwanza tangu barua yako. Ruwaida hakucheka, lakini alivuta buibui mdomoni.

Tarehe ni Alhamisi, 21 Juni, saa tatu asubuhi. Na hapa, ndugu yangu, ndipo nina biashara na wewe. Isome yote kabla hujasema hapana.

Mimi najijua. Jumatano nitapata kazi Voi. Kama si Voi, Lungalunga. Kutatokea gunia mahali ambalo haliwezi kuuzwa bila mimi. Ruwaida anaweza kunivusha feri, hawezi kunishika kichwa, wao hawatamruhusu kuingia. Nataka mtu ambaye siwezi kumpeleka ubavuni. Nimewatafuta wote ninaowajua, yuko mmoja, na yuko Nairobi avunja vioo.

Kwa hivyo mimi natoa shingo, nzima, bila chuku, bila mafuta, bila mganga. Wewe unatoa siku nne za likizo. Unapanda gari la moshi la Jumanne jioni, Alhamisi unasimama kichwani kwangu, na nikianza maneno unaniziba mdomo. Kipande kikitoka, ile chupa usiwaachie waitie kwenye sanduku na kumi na moja nyingine. Utaipakata wewe mwenyewe mpaka Nairobi. Utakikata wewe, utakitia rangi wewe, polepole kama kile cha kwanza. Na jibu likitoka usiniandikie mimi. Barua ikinifikia mimi kwanza nitaipanga. Mwandikie Ruwaida, kwa mkono wa yule mzee wako wa mahamri, na neno lenyewe liwe mstari wa kwanza, kabla ya salamu, likiwa lolote. Yeye atanisomea. Nimemwahidi sitamwangalia usoni mpaka amalize.

Likiwa la dawa, nakunywa dawa. Likiwa lile jingine, nakuja Nairobi kukatwa, nalala kwenye sakafu yako, na sitafanya mzaha wowote mpaka gari lifike Mtito Andei.

Na upande wako wa biashara hii nimeshaulipa tayari. Jana nimesimama barazani kwa Bakari, kahawa mkononi, nikawaambia watu wote kuwa Nzai Mramba si daktari, hajawahi kuwa daktari, ni mimi niliyezua. Leo asubuhi nimekwenda Utange, nikasema hayo hayo kwa mama yako na kwa jirani zake. Mama yako alinitazama sana, akasema yeye alijua siku zote, ila alikuwa amechoka kuwarudisha watu. Akaniuliza unakuja lini. Nikamwambia sijui, ni juu yako.

Ukikubali usijibu, barua itachelewa na mimi nitakuwa nimeshapata udhuru. Panda tu. Jumatano asubuhi nitakuwa stesheni, na Ruwaida atakuwa amenishika kanzu.

Faraj